Fimbo nene hairushi jigi nyepesi

MTEJA anayenunua fimbo ya kuvulia samaki kwa mara ya kwanza huitikisa kidogo, huutazama unene wake, kisha huulizia iliyo ngumu zaidi ya hiyo. Hoja yake ni kwamba fimbo ngumu haivunjiki, na kwamba akitoa pesa zake ni afadhali apate kitu kizito.

Kwa anayevua baharini kwa mshipi mnene na chambo kikubwa, hoja hiyo ina mashiko. Lakini kwa mfugaji wa trauti anayetaka wageni wamlipe ili wavue kidimbwini mwake, au kwa mwenye duka anayetaka kuwauzia wafugaji kama hao, huo ndio mwanzo wa hasara. Fimbo ngumu haiwezi kurusha jigi ya gramu 1 au 2, na jigi ya ukubwa huo ndiyo inayofaa kwa trauti wa kidimbwini.

Jigi ni ndoana ambayo shingo yake imemwagiwa risasi ikapata kichwa kidogo, kisha ikafungwa manyoya au kuvishwa kipande cha plastiki laini ili ifanane na mdudu au samaki mchanga. Haihitaji nyungunyungu wala tonge la unga. Mvuvi huirusha, huiacha izame, kisha huivuta polepole huku akiichezesha.

Nyingi za jigi hizi hupimwa kwa aunsi, kipimo cha Wamarekani. Aunsi 1 ni gramu 28.35. Hivyo jigi iliyoandikwa 1/32 ina takriban gramu 0.9, ya 1/16 ina gramu 1.8 na ya 1/8 ina gramu 3.5. Kijiko kimoja cha chai cha sukari kina takriban gramu 4. Anayerusha jigi ya 1/16, basi, anarusha uzito usiofika nusu ya sukari hiyo, na anataka ufike mita 15 mbele yake, pengine upepo ukivuma.

Kazi hiyo haifanywi na mkono. Inafanywa na fimbo, ambayo kwa kweli ni springi ndefu. Mvuvi anapoirudisha nyuma kisha kuisukuma mbele, uzito wa jigi huivuta ncha ibaki nyuma na fimbo ikapinda. Inaponyooka ndipo jigi hufyatuka. Watoto wanaowinda ndege kwa manati wanaijua kanuni hii: mpira usiponyooshwa, jiwe halifiki popote. Jigi ya gramu 2 haina uzito wa kuipinda fimbo nene, kwa hiyo fimbo hubaki imenyooka nayo jigi huanguka hatua chache tu mbele ya miguu ya mgeni aliyelipa.

Mgeni huyo hatailaumu fimbo. Atakwenda kuwaambia wenzake kwamba kidimbwi hakina samaki.

Trauti si wenyeji wa Kenya. Waliletwa kutoka Uskoti mwaka wa 1905 na kuachiliwa katika mito ya milima ya Aberdare, na wale wa aina ya upinde wa mvua wakafuata mwaka wa 1910 kutoka Afrika Kusini. Kituo cha serikali cha Kiganjo, karibu na Nyeri, kilijengwa mwaka wa 1948 ili kuzalisha vifaranga. Samaki huyu anataka maji baridi na safi yanayoingia na kutoka, ndiyo maana vidimbwi vyake viko kwenye nyanda za juu kandokando ya Mlima Kenya na Aberdare, si Kisumu wala Kwale.

Mkulima wa ngege, au tilapia kama wengi wanavyomwita, asikimbilie kununua jigi. Serikali ilipoanza kugharamia uchimbaji wa vidimbwi katika maeneobunge 140 mwaka wa 2009, samaki waliofugwa kwa wingi walikuwa ngege na kambare. Ngege hula zaidi mimea midogo ya majini na chakula anachomwagiwa, na ni nadra kuifuata jigi. Hata hivyo, fimbo nyepesi haimtupi mkulima huyo. Hiyo hiyo itarusha boya dogo la gramu 2 au 3 lenye ndoana na kidonge cha ugali chini yake.

Cha kusoma kwanza dukani ni maandishi yaliyo kwenye mwili wa fimbo, juu tu ya kishikio. Huonyesha urefu, nguvu na uzito wa chambo ambacho fimbo imetengenezewa. Nguvu huandikwa kwa herufi: UL ni fimbo nyepesi mno, L ni nyepesi, M ni ya wastani na H ni nzito.

Tatizo la herufi hizo ni kwamba hakuna kipimo kimoja kinachowabana watengenezaji wote duniani. UL ya kampuni moja inaweza kuwa ngumu kuliko L ya nyingine. Muuzaji anayesema "hii ni UL" na kuishia hapo hajasema mengi.

Namba za uzito ndizo zenye maana, lakini nazo zina namna yake ya kusomwa. Fimbo iliyoandikwa gramu 1 hadi 7 haimaanishi kwamba itarusha gramu 1 vizuri. Fimbo nyingi hufanya kazi yao bora kuanzia katikati ya kipimo chao. Kwenye namba ya chini kabisa huwa hazijapinda vya kutosha, na kwenye namba ya juu kabisa huwa zimelemewa.

Kwa hiyo mwenye jigi za gramu 2 hadi 4 atafute fimbo ya gramu 1 hadi 7, ambayo kwa aunsi huandikwa 1/32 hadi 1/4. Mwenye kutaka kurusha gramu 1 au chini yake atafute inayoanzia gramu 0.5 na kuishia 3, 4 au 5. Ile ya gramu 10 hadi 30, ambayo ndiyo humvutia mteja wa kwanza, aiache hapo hapo rafuni.

Fimbo nyingine za bei ya chini hazina maandishi yoyote, au zina maandishi yasiyolingana na mwili wake. Njia ya kujua ukweli ni kwenda dukani na jigi mfukoni pamoja na mita tatu hivi za mshipi. Mshipi upitishwe kwenye pete zote, jigi ining'inie shibiri moja chini ya ncha, kisha fimbo ichezeshwe taratibu mbele na nyuma kwa kiganja. Ncha ikipinda kila jigi inapobembea, fimbo inafaa. Ikiwa jigi inabembea na ncha imetulia tuli kama nguzo ya ua, haifai, hata kama bei imepunguzwa nusu.

Jaribio la pili linahitaji watu wawili. Mmoja hushika mwisho wa mshipi karibu na sakafu, mwingine huinua fimbo polepole mpaka ipinde. Mkunjo uwe laini kama upinde, bila mahali palipokaa bapa ghafla wala mlio wa kukwaruza. Kuipinda ncha kwa vidole, kama wanunuzi wengi wanavyofanya, ni njia ya haraka ya kuivunja, na muuzaji ana haki ya kukasirika.

Fimbo zinatofautiana pia mahali zinapopindia. Zipo zinazopinda ncha tu, na zipo zinazopinda mpaka karibu na kishikio. Za kwanza huleta habari haraka mkononi samaki akigusa, na aliyezoea huzipenda. Kwa mgeni asiyewahi kushika fimbo, hata hivyo, inayopinda mpaka katikati ni bora zaidi. Inarusha jigi kwa utulivu na inasamehe mkono wenye pupa. Mwenye kidimbwi anayenunua fimbo za kukodisha anunue hizo, hata kama yeye mwenyewe ana mapenzi mengine.

Wajapani wamekwenda mbali zaidi katika jambo hili. Huko, watu husimama kwenye gati usiku wakivua samaki mdogo waitwaye aji, ambaye ni wa ukoo mmoja na kolekole wa pwani yetu, kwa jigi zisizofika hata gramu 1. Fimbo zao nyingi zina ncha ya karboni iliyojaa, isiyo na uwazi ndani. Ncha hiyo ni laini sana na huinama samaki anapovuta kidogo tu. Ile yenye uwazi ndani, iliyo ya kawaida zaidi, hurusha kwa nguvu zaidi lakini haioneshi mguso mdogo vizuri kama hiyo. Kwa kidimbwi, ncha ya kawaida inatosha. Ncha iliyojaa inamfaa anayejua anachokitafuta.

Kuhusu malighafi, karboni ni nyepesi na hurudi haraka ikipindwa. Fimbo ya karboni ya aina hii mara nyingi haifiki gramu 120. Adui yake ni kugongwa. Ikigonga jiwe, au ikibanwa na mlango wa gari, hupata ufa usioonekana na huvunjika siku nyingine ikiwa na samaki mdogo tu. Nyuzi za kioo ni nzito kidogo na hurudi polepole, lakini huvumilia kukanyagwa na kuangushwa. Kwa fimbo zitakazopita mikononi mwa watoto wa shule siku ya Jumamosi, za nyuzi za kioo au za mchanganyiko ndizo hudumu.

Karboni ina jambo jingine ambalo kila mwenye kidimbwi anapaswa kulitilia maanani: hupitisha umeme. Fimbo yake isiinuliwe chini ya nyaya za stima, na radi inapoanza kunguruma alasiri, kama ilivyo kawaida milimani misimu ya mvua, wageni wote waweke fimbo chini na kuondoka majini.

Urefu hutegemea mahali. Kidimbwi kilichozungukwa na miti kinataka futi 5 na nusu hadi 6, yaani kama mita 1.65 hadi 1.8. Palipo wazi na penye upepo, futi 7, au mita 2.1, hurusha mbali zaidi na kuuinua mshipi juu ya majani ya ukingoni. Kupita hapo, uzito wa ncha yenyewe huanza kumeza faida.

Fimbo ya vipande viwili inatosha kwa karibu kila mtu. Ya mita 2 ikitenganishwa hubaki na kama mita moja, na hivyo hupanda matatu au bodaboda bila matatizo. Mahali pa kuungana pasicheze hata kidogo. Nta ya mshumaa ikipakwa hapo hushikilia vizuri na kurahisisha kutenganisha. Fimbo za kuvutwa kama antena ya redio ni rahisi kubeba na ni rahisi kuuza, lakini kuta za vipande vyake ni nene na pete zake ni chache. Kwa boya zinaweza kufaa. Kwa jigi ya gramu 2 ni kupoteza muda.

Pete ziwe ndogo na nyepesi, saba au nane kwa fimbo ya mita 2 pamoja na ile ya nchani. Zikiwa nzito, ncha hubeba chuma badala ya kurusha jigi. Ili kujua kama pete ina ufa, kipande cha pamba kipitishwe ndani yake. Kikiacha nyuzi, pete hiyo itaukata mshipi.

Kuna wanaofanya yote haya sawasawa, kisha wakaharibu kila kitu kwa mshipi mnene. Mshipi wa milimita 0.30 una unene mara mbili ya ule wa 0.15, lakini ukiukata na kutazama, eneo lake ni mara nne, na uzito wa kila mita ni mara nne pia. Jigi ya gramu 2 haiwezi kuuvuta mshipi huo kutoka kwenye rili dhidi ya upepo. Nailoni ya milimita 0.14 hadi 0.18 ndiyo kipimo cha kazi hii. Mshipi wa kusukwa ni mwembamba zaidi kwa nguvu ile ile na hurusha mbali, ila una bei yake, na unahitaji kuungwa na kipande cha nailoni cha mita moja karibu na jigi ili samaki asiuone.

Rili iwe ile ambayo bobini yake imetulia na mshipi hutoka kwa kuteleza kwenye mdomo wake, ya ukubwa wa 1000 au 2000. Zile ambazo bobini huzunguka wakati wa kurusha hazifai hapa, kwani jigi nyepesi haina nguvu ya kuianzisha bobini izunguke. Bobini ijazwe mpaka ibaki milimita 2 hivi kufika ukingoni. Ikiachwa nusu tupu, mshipi hukwaruza ukingo na mita kadhaa hupotea kila unaporusha.

Wenye shaka huuliza: je, fimbo laini hivyo itamtoa trauti wa kilo moja? Itamtoa, tena kwa usalama kuliko ile ngumu. Fimbo laini hupinda samaki anaposhtuka na kukimbia, na mpindo huo ndio unaoulinda mshipi mwembamba usikatike. Fimbo ngumu haisogei, kwa hiyo mshtuko wote huingia kwenye mshipi au huipasua midomo ya samaki na ndoana ikachomoka. Breki ya rili ilegezwe mpaka iachie mshipi kwa robo hadi theluthi ya nguvu zake. Mshipi wa kilo 2 uanze kutoka unapovutwa kwa nusu kilo au zaidi kidogo.

Kwa upande wa biashara, hesabu si ngumu. Tuseme, kwa mfano tu, fimbo na rili yake vimegharimu Sh4,000, na mgeni hulipa Sh200 kuvikodi kwa nusu siku. Vitarudisha pesa zake vikikodishwa mara 20, mbali na malipo ya kuingia na samaki watakaonunuliwa kwa kilo. Wakija wageni wanne kila wikendi wanaokodi, seti nne zitakuwa zimejilipa kwa wikendi 20. Fimbo ngumu za bei ya nusu zingejilipa haraka zaidi kwenye karatasi, lakini mgeni ambaye hakupata samaki harudi wikendi ya pili.

Mwenye duka naye ana hesabu yake. Sehemu kubwa ya fimbo zinazouzwa duniani hutengenezwa China, hasa katika mji wa Weihai mkoani Shandong, na anayeagiza kwa katoni huletewa anachokitaja kwenye karatasi ya oda. Asipotaja uzito wa chambo kwa gramu, ataletewa mchanganyiko ambao nyingi zake ni za wastani na nzito, na mtaji wake utakaa rafuni. Ni busara kuagiza chache zilizoandikwa gramu 1 hadi 7 pamoja na rili ndogo, mshipi mwembamba na jigi zenyewe, kisha kuziuza kama seti moja. Anayeuza fimbo nyepesi bila mshipi wake anamrudisha mteja kwenye ile nailoni nene aliyonayo nyumbani.

Jigi zinaweza kutengenezwa na mkulima mwenyewe, kwani manyoya ya shingo ya jogoo, uzi na ndoana si vitu vya kutafuta mbali. Risasi ndiyo yenye hatari. Moshi na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto, kwa hiyo isiyeyushwe jikoni wala kwenye sufuria ya chakula. Isitoshe, bata wanaookota vyakula chini ya maji humeza vipande vyake na kufa. Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wa risasi nyingi ndogo za kuvulia, za kati ya gramu 0.06 na 28.35, kuanzia mwaka wa 1987 kwa sababu ya vifo vya batamaji. Mkulima anayefuga bata na samaki pamoja anunue jigi zenye kichwa cha tangsteni. Ni ghali zaidi, lakini ni ndogo kwa uzito ule ule na huzama upesi.

Anayezipeleka fimbo hizi kwenye mito ya umma anahitaji leseni ya uvuvi wa burudani, na aulize kwanza kwa afisa wa uvuvi wa eneo hilo, kwa sababu kuna sehemu za mito ya trauti ambako hairuhusiwi kutumia chochote isipokuwa nzi bandia.

Mwenye kukodisha aweke pete chache za ncha na gundi ya kuyeyushwa kwa moto, kwani ncha ndiyo huvunjika kwanza. Ikivunjika sentimita 5 tu, mahali palipovunjika husuguliwa kwa msasa, pete mpya huunganishwa, na fimbo hurudi kazini siku hiyo hiyo. Itakuwa ngumu kidogo kuliko awali. Haitarusha tena jigi ya gramu 1, kwa hivyo ihamishiwe upande wa boya, au itumike kwa jigi za gramu 4 na kuendelea.